Usimuogeshe siku ya kwanza: namna ya kumchukua mbwa aliyeachwa, hapa Goma

Mei 2021 Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu huku mashariki mwa Kongo, ililipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaambiwa ihame. Watu walitoka na magodoro, mabido (madumu) ya maji na watoto mgongoni. Mbwa wengi walibaki. Wengine waliwafuata watu wao kwenye barabara ya Sake mpaka wakachoka, wakakaa kando wakiangalia magari. Sisi tuliporudi mwanzoni mwa Juni tulimkuta mmoja amelala mbele ya geti letu, mweusi, mbavu zinahesabika, sikio moja limechanika. Nikamfungulia.

Jioni ile ile nilifanya makosa manne. Nilimpa sahani nzima ya bugali na nyama. Nilimuogesha kwa sabuni ya nguo. Nilimfunga kwa kamba fupi kwenye nguzo ya baraza. Halafu nikawaita watoto wa majirani waje wamuone. Kulipokucha alikuwa anaharisha maji matupu, na mtoto wa dada yangu alikuwa ameng'atwa kidole.

Tangu siku ile nimepokea mbwa wengine wawili, na nimewasaidia majirani kupokea wao. Ninachoandika hapa nimekijua kwa njia hiyo, na kwa kumsumbua veterineri wetu, daktari wa wanyama, kwa simu kila wakati.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine. Penye kituo cha kutunza wanyama, mbwa anakufikia akiwa amekwisha pimwa, amechanjwa, na kuna mtu wa kukuambia kama anaogopa wanaume au anachukia paka. Wengi wetu hapa hatumpati hivyo. Tunampata kwa jirani anayehama, kwa motari (dereva wa pikipiki) aliyemuokota, au kwenye takataka nyuma ya soko. Kwa hiyo kituo ni wewe. Kazi ile ya kumpima, kumtenga na kumsoma tabia inafanyika kwenye parseli yako, yaani kiwanja chako, na ukiiruka hakuna aliyeifanya kabla yako.

Kabla hajaingia getini

Ongea na watu wa nyumbani, wote, pamoja na mwenye nyumba kama unapanga. Mbwa anayefukuzwa baada ya mwezi kwa sababu mwenye nyumba hakuulizwa ameachwa mara mbili, na ile ya pili inamharibu zaidi. Kubalianeni nani atamlisha, kwa jina. "Sote tutamlisha" maana yake hakuna.

Piga simu mbili. Ya kwanza kwa veterineri: umwambie una mbwa asiyejulikana, uulize ni siku gani anaweza kumuona. Ya pili kwenye hospitali iliyo karibu nawe: uulize kama wana chanjo ya binadamu dhidi ya kichaa cha mbwa, na kama hawana, ni nani anayo. Watu wananicheka kwa hii simu ya pili. Mimi nilizunguka mjini nusu siku na mtoto aliyeng'atwa, juu ya pikipiki, kituo kwa kituo, kila mahali naambiwa jaribu kule. Swali hilo ni la kuuliza ukiwa umekaa, unakunywa chai.

Weka pia bido moja ya lita 20 ya maji safi ambayo haiguswi kwa kazi nyingine. Sababu yake nitaieleza.

Mtafute mwenye mbwa

Mbwa anayezurura hakosi lazima mwenyewe. Huenda mwenyewe alikimbia, au amelazwa, au anamtafuta kartie (mtaa) ya pili. Mpige picha, umwonyeshe shefu wa avenyu (mkuu wa barabara yenu), wazamu (walinzi) wa majirani, mama wauza makaa kwenye kona. Wazamu hasa. Wao ndio wanaojua mbwa wote wa mtaa, nani mkali na nani mwizi wa sufuria. Tuma picha kwenye vikundi vya WhatsApp vya kartie, lakini bakiza alama moja usiitaje, ili anayedai ni wake akuambie mwenyewe.

Mimi sikutangaza. Niliona huruma yangu inatosha. Wiki tatu baadaye, yule mweusi akiwa tayari ana jina alilopewa na watoto, mama mmoja alisimama getini na kijana wake. Walikuwa wamekimbilia Bukavu. Kijana aliita "Rambo!" mara moja tu, na mbwa akaruka kama amepigwa na umeme. Yule mama akafungua mkoba, akatoa kijitabu cha chanjo: mbwa alikuwa amechanjwa Februari ya mwaka ule. Tulikuwa tumekaa siku zote zile tukihesabu saa za mtoto, na jibu lilikuwa ndani ya mkoba Bukavu.

Kama unamchukua kwa mtu anayehama, usikubali kuachiwa kamba mkononi tu. Omba kijitabu cha chanjo kama kipo. Omba karatasi yenye sahihi kwamba amekupa, mbele ya jirani mmoja. Na uulize maswali ambayo mtu anayeondoka hapendi kuyajibu: amewahi kung'ata? Anafanya nini ukimsogelea anapokula? Anaonaje kuku? Mwenye haraka ya kuondoka atakuambia mbwa ni mpole. Muulize zamu wake.

Siku tatu za kwanza

Mpe kona moja. Iwe na kivuli, isiwe njia ya watu, na chini yake uweke mbao au paleti, juu yake magunia. Tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, usiku matale, yaani mawe ya lava, yanakuwa baridi, na mchana jua likipiga jiwe jeusi linaunguza. Mbwa aliyekonda hana mafuta ya kumkinga na baridi wala na joto. Maji yawe karibu naye saa zote, na bakuli ukae ukilikagua: mlima ukitoa majivu, maji ya wazi yanachafuka.

Usimuogeshe. Najua ananuka. Kwake yeye, kushikwa na mtu asiyemjua na kumwagiwa maji ni shambulio, na mbwa dhaifu akiloweshwa jioni anaweza kuugua vibaya. Mfute kwa kitambaa chenye maji vuguvugu ukiona anakubali. Kuoga kutakuja wiki ya pili, mchana, jua likiwa kali, na sabuni laini.

Usimfunge kwa kamba fupi. Mbwa akiogopa ana njia mbili, kukimbia au kung'ata. Ukimnyang'anya ya kwanza umemwachia ya pili. Kama ukuta wako ni wa chini, mfungie kwenye chumba au banda badala ya kumfunga shingo. Hapa kwetu walau mbwa hachimbi chini ya ukuta, jiwe halimruhusu. Wa Goma anaruka, kwa hiyo angalia juu.

Na wageni wangoje. Keti karibu naye bila kumkodolea macho, fanya kazi yako, chambua maharage, mtupie kipande cha chakula bila kusema neno. Aje mwenyewe. Wazoefu wana hesabu wanayoitumia: siku tatu za hofu, wiki tatu za kujifunza nyumba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Wa kwangu wa sasa, jike wa kahawia aliyeachwa na familia iliyohamia nje ya nchi, alitumia wiki mbili nzima chini ya mkokoteni mbovu. Tulikuwa tunasukuma sahani kwa ufagio.

Tumbo lililokaa na njaa

Mbwa aliyekonda sana havumilii mlo mkubwa. Mwili uliozoea kukosa unavurugika ukijazwa ghafla. Anaweza kuharisha, na akiwa amedhoofika kabisa anaweza hata kufa. Mpe kidogo kidogo, mara nne kwa siku, kwa siku nne au tano: wali laini au bugali laini, na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zilizochemshwa bila mafuta wala chumvi. Kama sambaza ni kavu za sokoni, zioshe vizuri, maana huenda zimetiwa chumvi. Halafu ongeza kiasi, punguza mara, mpaka afike milo miwili.

Bugali peke yake haitoshi. Inajaza tumbo, haijengi nyama, na mbwa wengi wa mji huu ni wembamba si kwa kukosa kula bali kwa kula bugali miaka yote. Sambaza, mayai yaliyochemshwa, mapafu na matumbo ya ng'ombe yaliyoiva, hivyo ndivyo vya bei nafuu. Viive hasa: matumbo mabichi ya machinjioni yanaweza kumpa minyoo ambayo baadaye inahamia kwa watu. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi wao. Mifupa iliyopikwa ya kuku na ya mbuzi inapasuka kama sindano. Vitunguu, saumu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, hata kama jirani anaapa kwamba wake alikula asife.

Veterineri, mapema

Mpeleke au mwite ndani ya wiki ya kwanza. Unataka vitu vitatu: apimwe, apewe dawa ya minyoo kwa uzito wake, achanjwe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu ya umri, ikarudiwa baada ya mwaka, na kuendelea kama veterineri atakavyoandika. Iombe iandikwe kwenye kijitabu pamoja na ile karatasi ndogo inayobandikwa kwenye chupa. Uulize chanjo imehifadhiwa wapi: inatakiwa kukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8 wakati wote. Sisi tunaoishi na umeme unaokatika tunajua maana yake. Akija mtu na chupa mfukoni, au kwenye mfuko wa plastiki bila barafu, mshukuru mwache aende. Kinga nayo haiji siku hiyo hiyo, ipe wiki tatu au nne.

Watoto wa mbwa wana adui mwingine, parvo: kutapika, kuharisha damu, harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Inawaua ndani ya siku chache, na kirusi chake kinakaa ardhini miezi na miezi. Kama mtoto wa mbwa amekufia kwako hivyo, usilete mwingine asiyechanjwa kwenye parseli hiyo hiyo mwaka huo. Hili kosa nimeliona likirudiwa na mtu mmoja mara tatu, na kila mara analaumu jicho la jirani.

Kwa kupe na viroboto, usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia. Wala usimpe sindano ya ng'ombe kwa sababu mjomba ana ng'ombe Masisi na chupa imebaki. Tone la ng'ombe wa kilo 300 si tone la mbwa wa kilo 12.

Akimng'ata mtu

Hapa ndipo lile bido linapofanya kazi. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Robo saa nzima, angalia simu. Katika nyumba isiyo na bomba, mmoja anamimina kidogo kidogo kwa kopo, mwingine anasugua kwa sabuni. Kisha dawa ya kuua vidudu kama ipo, na moja kwa moja hospitali, siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Usishone, usifunge kwa nguvu, usipake pilipili, mafuta ya gari wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa. Na jiwe jeusi, ambalo shangazi mmoja alilileta mbio kwa yule mtoto wetu, halivuti kichaa. "Mwanangu, hili limeponya wengi," aliniambia, na mimi namheshimu, lakini kidole tulikirudisha kwenye maji.

Sababu ya ukali huu ni kwamba dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huu duniani vinatokana na kung'atwa na mbwa. Lakini kabla ya dalili kuna muda, mara nyingi miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki moja, na ndani ya muda huo kuosha na chanjo vinaokoa.

Mbwa mwenyewe usimuue kwa hasira. Mfungie mahali salama umwangalie siku 10. Kama alikuwa na kirusi mateni siku aliyong'ata, ndani ya siku hizo ataonekana mgonjwa au atakufa. Akibaki mzima, daktari atajua namna ya kuendelea na mtu wenu. Lakini usianze kungoja hizo siku 10 ndipo umpeleke mtu hospitali. Na ujue kichaa si lazima kiwe cha kutoa povu na kukimbiza watu. Kuna cha kimya: mbwa anajificha, taya linalegea, hamezi, unadhani kakwama mfupa. Usitie mkono mdomoni.

Watoto, na kumsoma mbwa

Mkia unaotikisika si kicheko. Mbwa anayepiga miayo hana usingizi, anayejiramba pua hana njaa, anayegeuza kichwa huku jicho linabaki kwako na weupe wake unaonekana, wote hao wanasema: niachie nafasi. Akinguruma, mshukuru. Wengi tunampiga akinguruma, na mbwa anajifunza kutonguruma, siku nyingine anang'ata bila onyo halafu tunasema "hakuwa na dalili".

Kwa watoto weka sheria tatu tu, zaidi ya hapo hawashiki: asiguswe akila, asiguswe akilala, asikumbatiwe shingo. Mtoto mdogo na mbwa mgeni wasiachwe peke yao hata dakika ya kwenda kuzima jiko.

Matale na mazuku

Mbwa aliyekulia ndani ya nyumba ya sakafu hana nyayo za mji huu. Matale yanakata. Kila jioni inua miguu yake, angalia katikati ya vidole, toa vijiwe na funza, osha kwa maji ya chumvi kidogo. Mpeleke matembezi asubuhi kabla jiwe halijapata moto.

Kama unakaa upande wa magharibi karibu na ziwa, kuelekea Keshero na Bulengo, mshike kamba. Kule kuna mazuku, mashimo na mabonde ya lava ambamo hewa ya kaboni inajikusanya kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haionekani. Asubuhi kukiwa hakuna upepo ni mbaya zaidi, na mbwa, kwa kuwa pua yake iko chini, anaanguka wewe ukiwa bado unapumua vizuri. Akiangukia humo usishuke kumfuata. Hili nalisema kwa uzito wote: watu wamekufa kwa kuinama kumchukua mnyama.

Jike, na "mbwa mkali"

Jike anaanza joto kati ya miezi 6 na mwaka, na mimba ni siku 63 hivi. Hesabu mwenyewe. Makartoni ya watoto wa mbwa yanayoachwa kando ya soko yametoka kwa watu wazuri waliosema "tutaona". Kufunga uzazi ni upasuaji, kwa hiyo muulize veterineri amewafanyia wangapi, anatumia dawa gani ya usingizi, na mkubaliane bei yote pamoja na dawa za baadaye. Mbwa wa mtaani mwenye uvimbe unaotoa damu sehemu za siri, dume au jike, mara nyingi ana kansa inayoambukizwa kwa kupandana. Inatibika, lakini kwa sindano za daktari, si kwa majani.

Wanaotaka mlinzi, sikilizeni. Pilipili kwenye chakula, kufungiwa gizani, kupigwa "ili awe mkali": hivyo vinazaa mbwa mwenye hofu, na mwenye hofu anang'ata aliye karibu, ambaye ni mtoto wako, si mwizi. Jike wangu hajawahi kufundishwa chochote. Alipozoea nyumba, mwezi wa tatu hivi, alianza kubweka geti likiguswa usiku. Zamu wetu anasema sasa analala vizuri, jambo ambalo sikupenda kulisikia.

Siku ya kukimbia

Mwongozo wa mji mwingine usingekuwa na sehemu hii. Januari 2025 mapigano yalipoingia mjini, mbwa wengi walivunja kamba kwa milio wakapotea, na wengine walifungiwa kwenye parseli ambazo wenyewe hawakurudi. Milio ikianza, mwingize ndani, chumba cha katikati, umfungulie kamba. Kumtuliza kwa sauti ya chini hakumdekezi.

Andika namba ya simu kwenye mkanda wake kwa wino usiofutika. Mzoeze kupanda gari na kubebwa kwenye pikipiki ndani ya gunia lenye tundu la kichwa, siku ya amani, kwa vipande vya sambaza. Kubaliana na ndugu mmoja aliye nje ya mji kwamba atampokea. Kama huwezi kwenda naye, usimfunge: acha chumba wazi, maji mengi, chakula kikavu, na ufunguo kwa jirani anayebaki.

Kwetu vitu vyake viko kwenye mfuko mmoja: kijitabu cha chanjo ndani ya plastiki, kamba ndefu, kitambaa cha kumfunga mdomo, bakuli, sambaza kavu za siku tatu. Unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, kando ya mfuko wa karatasi zetu, chini kidogo, mahali ambapo hata mtoto wa mwisho anafika.